Zana zilizomo ndani ya Firefox: anayeanza JavaScript aanzie hapa

Vijana wanaonijia hapa Mwembe Tayari, Mombasa, wakitaka kujua JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa wa wavuti utende kazi, karibu wote hukwama mahali pamoja. HTML wanaiandika, rangi wanapaka, hata `if` na `for` wanazielewa. Ikifika zamu ya kuiambia skripti, yaani maagizo ya JavaScript, "kitufe kile kikibonyezwa, badilisha bei ile," wanaduwaa. Skripti itajuaje ni kitufe kipi? Na hiyo bei iko wapi hasa: kwenye faili, kwenye skrini, au ndani ya lile jina waliloandika baada ya `let`?

Kwa swali hilo sijaona msaada mzuri kuliko zana zilizomo ndani ya Firefox yenyewe, yaani Inspekta, inayokuonyesha ukurasa ulivyojengwa, na Konsoli, mahali pa kuandika mstari wa JavaScript na kuona jibu papo hapo. Ni bure. Hakuna cha kujisajili wala cha kuongeza, ukishaweka brauza umeshapata. Zinafanya kazi hata kwa faili lililo kwenye kompyuta yako bila intaneti, na kwa kijana anayenunua bando la siku hadi siku hilo si jambo dogo. Natengeneza kurasa za wavuti za maduka, kwa hivyo zana hizi nazishika kila siku, lakini maoni haya nimeyaandika nikimfikiria mtu ambaye bado anauliza elementi ni kitu gani (ni kipande kimoja cha ukurasa, kama kitufe, picha au aya).

Zifungue hivi: bonyeza F12 (kwenye laptopu nyingi ni lazima ushike Fn pamoja nayo), au weka mausi juu ya kitu chochote kwenye ukurasa, bonyeza kitufe cha kulia, uchague Inspect. Chini ya ukurasa itatokea sehemu iliyojaa vichupo. Anayeanza asishughulike na vyote hivyo. Viwili vinamtosha, cha Inspekta na cha Konsoli, na vingine vitamngoja.

Kwenye Inspekta utaona ukurasa wako umepangwa kama ulivyouandika, tegi (zile alama kama `<p>`) ndani ya tegi. Unavutiwa kudhani kwamba unalitazama faili lako. Sivyo, na mimi humwambia kila mwanafunzi jambo hili siku ya kwanza: brauza imelisoma faili, ikaujenga ukurasa ndani ya kumbukumbu ya mashine, na Inspekta inakuonyesha huo uliojengwa. Skripti nayo hushughulika na huo huo. Bonyeza mara mbili juu ya maandishi ndani ya Inspekta, yabadilishe, na ukurasa utabadilika palepale. Ukipakia upya, mabadiliko yametoweka, maana faili halikuguswa. Mwanafunzi akilifanya hilo kwa mikono yake, nusu ya maelezo ambayo ningempa hayahitajiki tena.

Sasa nieleze kilichonifanya nikae kuandika. Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne na anajifunza. Nilimpa kazi ya kweli, ukurasa wa duka moja la leso pale Biashara Street. Una orodha ya leso sita, kila moja na picha, jina na bei, na chini kabisa kuna sehemu ya jumla anayodaiwa mteja, iliyopewa id, yaani jina lake la pekee, `jumla`:

`<p id="jumla">700</p>`

Alitaka mteja akichagua leso ya pili, jumla isomeke 1,400. Akaja na malalamiko yake.

"Shangazi, mbona naandika bei mpya na ukurasa hausemi kitu? Kosa halionekani popote."

"Hebu fungua Konsoli, uniandikie hapa ulivyoandika kule."

Akaandika:

`let bei = document.getElementById("jumla").textContent`

kisha

`bei = "1,400"`

Konsoli ikamjibu "1,400". Juu kwenye ukurasa bado ni 700. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mashine haijalalamika na wala haijatii. Nikamwambia aandike `bei` peke yake, atazame inachorudisha. Ikarudisha maneno yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, basi. "Sasa andika hivi," nikamwambia:

`let sehemu = document.getElementById("jumla")`

Akaandika `sehemu`, akabonyeza Enter. Safari hii Konsoli haikutoa maneno. Ilitoa elementi yenyewe, `<p id="jumla">`, kwa rangi zake. Akapitisha mausi juu yake, na kule juu ukurasani ile jumla ikawaka, ikazungushiwa kisanduku cha rangi.

Kuwaka huko ndiko ninakokusifia. Kijana anaona kwa macho yake kwamba jina `sehemu` limeshika kitu kilicho ukurasani, hicho hicho, wala si nakala yake. Na anaelewa kwamba `bei` ilikuwa imechukua maandishi tu, yakaondoka nayo, na tangu hapo hayana uhusiano wowote na ukurasa. Akaandika `sehemu.textContent = "1,400"` na jumla ikabadilika. Hakuniuliza tena kwa nini. Alianza kujaribu mwenyewe: akabadilisha rangi kwa `sehemu.style.color`, akaificha kwa `sehemu.hidden = true`, akairudisha.

Video nyingi humwambia mwanafunzi "tunaishika elementi kwa id" na kuendelea mbele. Kushika kwenyewe huwa hakuonekani. Firefox inakuonyesha, na unaweza kurudia mara mia bila kuharibu chochote.

Njia ya pili ya kushika nayo ni nzuri sana kwa anayeanza. Chagua elementi yoyote kwenye Inspekta, kisha nenda kwenye Konsoli uandike `$0`. Hiyo ni ile uliyoichagua. Ukitaka jina la kubaki nalo, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya elementi ndani ya Inspekta, uchague ile amri ya kuipeleka kwenye Konsoli, na Firefox itaipa jina `temp0`, inayofuata `temp1`, na kuendelea. Mimi huwaanzishia wanafunzi kwa njia hii kabla hata sijawafundisha `getElementById`. Wanaanza na kitu walichokiona na kukigusa, halafu ndipo wanajifunza jinsi skripti inavyokitafuta bila mausi.

Kwenye kutafuta ndiko zana hizi zinakookoa muda. Makosa ya anayeanza ni yale yale, na karibu yote Konsoli huyafichua mara moja. Ataandika `getElementById("#jumla")`, na kwa kuwa id ya kitu haina alama ya reli (`#`), atapata `null`, yaani hakuna kilichopatikana. Ataandika `querySelector("jumla")` bila hiyo alama, ambayo huku inatakiwa, na brauza itatafuta tegi inayoitwa jumla, ambayo haipo, tena `null`. Ataandika `getElementByID` kwa herufi kubwa mwishoni, na ataambiwa hiyo si funksheni, yaani si amri inayoweza kuitwa. Hilo la mwisho Konsoli hulizuia kabla halijatokea, kwa sababu ukiandika `document.get` tu inakuletea orodha ya majina yote yanayoanza hivyo, unachagua. Isitoshe, Firefox hukuonyesha jibu kwa rangi hafifu ukiwa bado unaandika, hata Enter hujabonyeza. Ukiona `null` unajua hujafika.

Kosa jingine lilikuwa kwenye ukurasa huo huo wa leso. Mpwa wangu alizipa bei zote sita `id="bei"`. Skripti ikabadilisha bei ya leso ya kwanza na kuziacha tano. Pale juu ya Inspekta kuna kisanduku cha kutafutia, na ukiandika humo `#bei` hukuonyesha ya kwanza kati ya sita. Hapo sikuhitaji kumhubiria. Id ni ya kitu kimoja katika ukurasa mzima, na `getElementById` ikiona ya kwanza haiendelei kutafuta. Vinavyofanana hupewa `class`, akazipa `class="bei"`, na kwenye Konsoli akaandika `document.querySelectorAll(".bei")`. Zikaja sita, kila moja ikiwaka ukipita juu yake.

Nilipoona ameshika hilo nikampeleka mbali kidogo, kwa sababu jambo hili huwachanganya hata watu waliokwisha kuajiriwa. Kila leso kwenye orodha ina `class="leso"`, basi nilimwambia aandike mistari miwili:

`let hai = document.getElementsByClassName("leso")`

`let tulivu = document.querySelectorAll(".leso")`

Kila mojawapo ina sita. Kisha nikamwambia achague leso moja kwenye Inspekta abonyeze Delete. Ikaondoka ukurasani. Akauliza `hai.length`: tano. Akauliza `tulivu.length`: sita. Orodha ya kwanza hufuata ukurasa unavyobadilika, ya pili ilihesabu wakati ule ilipoulizwa na haikutazama tena. Na ile leso iliyofutwa, iliyomo bado ndani ya `tulivu`, bado ipo kwenye kumbukumbu, ila ukurasani haipo. Uliza `isConnected` yake, utajibiwa `false`. Sijui ningelieleza vipi hilo kwa chaki na ubao. Pale palitosha kitufe kimoja na maswali matatu.

Watu wataniuliza kwa nini nisiseme Chrome, maana ndiyo iliyo kwenye karibu kila kompyuta ya saiba mjini hapa. Chrome ina zana kama hizi, na `$0` inafanya kazi huko pia. Aliyeizoea asihame kwa ajili yangu. Lakini kwa anayeanza naona Firefox inamjali zaidi katika mambo mawili.

La kwanza ni ujumbe wa makosa. Skripti ikijaribu kuandika kwenye kitu ambacho haikukipata, Chrome humwambia kwamba haiwezi kuweka kitu kwenye `null`, na kumwachia atafute hiyo `null` ilitoka wapi. Firefox humtajia kwamba `document.getElementById(...)` ndiyo iliyorudisha `null`. Kwa fundi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kijana aliye peke yake usiku, bila mtu wa kumuuliza, inamwonyesha mahali pa kutazama.

Na mara nyingi akishapatazama ataona kwamba id ameiandika sawasawa. Tatizo ni kwamba skripti imewekwa juu, ndani ya `<head>`, na brauza imeiendesha kabla ya kufika kwenye ile `<p>`. Ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba ambayo bado haijajengwa. Dawa ni kuongeza neno `defer` kwenye tegi ya skripti inayoita faili la nje, au kuishusha skripti chini kabisa kabla ya `</body>` kufungwa. Na Konsoli humthibitishia: mstari ule ule ulioshindwa ndani ya faili, akiuandika kwenye Konsoli baada ya ukurasa kumaliza kupakia, unapata elementi bila shida. Basi neno ni lile lile, kilichokosewa ni wakati.

La pili ni kialama kidogo kilichoandikwa "event" ambacho Inspekta hukiweka kando ya elementi yoyote iliyopewa kazi ya kufanya ikibonyezwa. Ukikibofya unaonyeshwa ni funksheni gani na imetoka kwenye mstari upi wa faili. Kijana akilalamika kwamba kitufe chake hakifanyi kitu, swali langu la kwanza huwa ni je, hicho kialama kipo? Kama hakipo, `addEventListener`, amri ya kukipa kitu kazi ya kufanya kikibonyezwa, haikukifikia kitufe, au imeshikamana na kitu kingine. Kama kipo, kosa limo ndani ya funksheni. Tunaokoa nusu saa ya kubahatisha.

Kuna mitego, na siwezi kumpendekezea mtu zana hizi bila kumtajia.

Mkubwa ni alama ya dola. Ndani ya Konsoli ukiandika `$("#jumla")` utapata elementi yako, kwa sababu Konsoli imeifanya `$` kuwa njia ya mkato ya `querySelector`. Ukiibeba ukaiweka kwenye faili lako, utaambiwa `$` haijulikani. Ubaya wake unazidi kwa sababu masomo mengi ya zamani yaliyojaa intaneti yanatumia jQuery, maktaba ya msimbo ulioandikwa tayari aliyoitoa John Resig mwaka 2006, ambayo nayo hutumia alama hiyo hiyo kwa njia inayofanana. Kijana anasoma somo la jQuery, anajaribu kwenye Konsoli, inakubali, anaamini ameelewa, kisha ukurasa unamkatalia. `$`, `$$` (mkato wa `querySelectorAll`) na `$0` ni za Konsoli peke yake. Kwenye faili andika `document.querySelector` kwa urefu wake.

Mtego mwingine ni ile amri ya Inspekta ya kunakili anwani ya elementi iliyo tayari kwa CSS, lugha ya kupamba ukurasa. Inavutia: bonyeza, nakili, bandika kwenye skripti. Elementi ikiwa haina id mara nyingi utapewa mlolongo mrefu wa "mtoto wa tatu wa mtoto wa pili", na siku mwenye duka atakapoongeza leso mpya juu ya orodha, skripti itashika kitu kisichohusika. Mimi wanafunzi wangu siwaruhusu. Kitu unachotaka kukishika, kipe id au klasi yenye jina linaloeleweka.

Na mara ya kwanza utakapobandika maneno kwenye Konsoli, Firefox itakuzuia na kukutaka uandike kwanza kwamba unaruhusu kubandika. Wengine hukasirika. Mimi nashukuru, maana wapo matapeli wanaowadanganya watu wabandike mistari wasiyoielewa wakiwa ndani ya akaunti zao, na skripti iliyobandikwa hapo inaweza kufanya lolote ambalo mwenye akaunti anaweza kulifanya.

Kwa wanaopenda kujua zilikotoka: JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 mikononi mwa Brendan Eich akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza brauza, na miaka ya mwanzo kila brauza ilikuwa na namna yake ya kuziita elementi. Internet Explorer ilikuwa na `document.all`, Netscape ikawa na `document.layers`, na mwandishi wa skripti aliandika mara mbili. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilitoa toleo la kwanza la kanuni za pamoja, ziitwazo DOM, mwaka 1998. Kuutazama ukurasa kutoka ndani kwa raha kulikuja baadaye, na Firebug, nyongeza ya Firefox aliyoianzisha Joe Hewitt mwaka 2006, ndiyo iliyowazoesha mafundi wengi kuhariri ukurasa uliofunguliwa. Firebug ilistaafishwa mwaka 2017 na kazi yake ikabaki ndani ya Firefox yenyewe. Nayataja haya kwa sababu bado kuna masomo mtandaoni yanayokwambia uende ukapakue Firebug. Usihangaike nayo.

Kasoro ninazozihesabu kweli ni tatu. Kwenye laptopu yenye kumbukumbu ndogo, Firefox yenye vichupo vingi pamoja na zana hizi huwa nzito. Funga vingine vyote, bakisha ukurasa unaoufanyia kazi. Ya pili ni lugha. Ujumbe wa makosa tunaoupata ni wa Kiingereza tena cha kifundi, na kijana aliyesoma Kiingereza cha vitabuni hajawahi kukutana na sentensi kama zile. Mimi nimemwandikia mpwa wangu karatasi ya maelezo ya Kiswahili kwa ujumbe ule unaojirudia zaidi, akaibandika ukutani juu ya meza yake, na ningependa sana kuona mtu mwenye nafasi akiifanya kazi hiyo kwa ukamilifu na kuwapa wote.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Vijana wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe ninaowajua wanajifunza kwa simu, na Firefox ya Android haina Inspekta wala Konsoli ndani yake. Unaweza kuunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, ukafungua `about:debugging` kwenye Firefox ya kompyuta na kuutazama ukurasa ulio kwenye simu, na kwa kazi yangu hilo linanifaa sana. Lakini linahitaji hiyo kompyuta ambayo kijana hana. Aliye na simu pekee namshauri HTML na CSS aendelee kuzisoma hapo hapo kwenye simu, na saa chache anazoweza kulipia saiba azitunze kwa ajili ya JavaScript. Aende na faili lake kwenye flashi, aulize kama mashine ina Firefox, na akikaa abonyeze F12 kabla ya kufungua kitu kingine chochote.